Tumtaje shahidi tunapoandika habari za China ya kale

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye safu yako nizungumzie jambo linalojirudia kila habari za China ya kale zinapochapishwa kwa Kiswahili. Kaburi likifukuliwa, au magofu ya mji yakionekana, msomaji huambiwa kwamba China ina historia iliyoandikwa ya miaka 5,000, kwamba nasaba ya Xia ilianza mwaka 2070 KK, ikafuata Shang, ikafuata Zhou, vyote vimepangwa kama shanga kwenye uzi. Tarehe hizo hutajwa kwa uhakika uleule tunaotajia tarehe ya uchaguzi uliopita. Wanaozifanyia kazi wanajua hazina uhakika huo. Waandishi hawadanganyi, ila wanaacha kumwambia msomaji ni nani anayetoa ushahidi, na aliutoa lini.

Tuanze na maandishi. Maandishi marefu ya kale kabisa ya Kichina tuliyonayo yamechongwa kwenye mifupa na magamba ya kobe ya kupigia ramli, yametoka Yinxu, karibu na Anyang katika jimbo la Henan, na yanaanzia enzi ya mfalme Wu Ding wa Shang, takriban mwaka 1250 KK. Hesabu kutoka hapo hadi leo: ni miaka kama 3,270. Yanayosemwa juu ya miaka 1,700 iliyotangulia yanatoka kwenye udongo, vigae, mifupa na misingi ya majengo, au kwenye vitabu vilivyoandikwa baadaye sana. Sima Qian, mwanahistoria ambaye karibu orodha zote za wafalme wa kale zinapitia kwake, aliandika kazi yake ya sura 130 mnamo mwaka 100 KK. Kati yake na Wu Ding imepita zaidi ya miaka 1,100. Tena alikuwa mwangalifu kuliko wengi wanaomnukuu. Jedwali lake la matukio ya mwaka kwa mwaka linaanza 841 KK. Alikuwa na kumbukumbu zilizotaja miaka ya kabla ya hapo, akaona hazipatani, akaamua kuorodhesha vizazi tu bila kuvipa miaka.

Basi 2070 KK imetoka wapi? Imetoka kwenye mradi wa serikali ya China wa kupanga tarehe za Xia, Shang na Zhou, ulioanza 1996 na kutoa matokeo mwaka 2000. Uliwakusanya wanahistoria, wanaakiolojia, wanafalaki na wapimaji wa kaboni, njia ya kukadiria umri wa mabaki ya viumbe. Walikadiria mwanzo wa Shang kuwa karibu 1600 KK, kisha wakaongeza miaka 471 ambayo kumbukumbu moja ya kale inasema ndiyo urefu wa Xia. Jumla ikawa 2071, ikafupishwa. Kumbukumbu hiyo iliandikwa kwenye vibanzi vya mwanzi, ikazikwa kaburini mnamo karne ya 4 au mwanzo wa karne ya 3 KK, ikafukuliwa karibu mwaka 280 BK, kisha ikapotea tena; kilichobaki ni manukuu ndani ya vitabu vya wengine. Kwa hiyo namba inayochapishwa kana kwamba imepimwa maabara ni jumla ya kadirio moja na nukuu moja iliyosafiri hivyo. Mwandishi ana haki ya kuitumia. Aseme tu ilivyojengwa.

Sasa tusogee karibu na mifupa yenyewe, maana hapo ndipo mtu anaona kazi hii inavyofanywa.

Wapiga ramli wa Shang walitumia makombe ya mabega ya ng'ombe na magamba ya tumboni ya kobe wa majini. Mfupa ulisafishwa, ukakatwa kingo na kukwanguliwa hadi ukawa laini. Upande wa nyuma walichimba vishimo, kimoja kirefu na kimoja cha mviringo pembeni yake, bila kutoboa hadi upande wa pili. Kishimo kikiguswa na moto, upande wa mbele unapasuka ufa wa wima wenye tawi fupi la kando. Herufi ya Kichina inayomaanisha kupiga ramli, bu, ni picha ya ufa huo. Baadaye maneno yalichongwa kwa kisu kando ya nyufa. Maandishi yaliyokamilika yana sehemu nne: siku na jina la mpiga ramli, jambo linaloulizwa, usomaji wa mfalme, na kilichotokea. Mengi yana sehemu mbili za kwanza tu. Matokeo ni adimu.

Mfano unaofahamika sana ni wa siku ya jiashen. Mpiga ramli Que anauliza kuhusu Fu Hao, mke wa mfalme Wu Ding: Fu Hao atajifungua, je, itakuwa heri? Mfalme anasoma nyufa: akijifungua siku ya ding ni heri, siku ya geng ni heri kuu. Kisha matokeo: siku ya 31, siku ya jiayin, alijifungua, haikuwa heri, alikuwa mtoto wa kike.

Maneno hayo machache yana mitego mitatu. Kwanza hesabu. Siku zilizunguka kwa majina 60, yanayopatikana kwa kuoanisha kundi la majina 10 na kundi la majina 12. Jiashen ni ya 21, jiayin ni ya 51. Ukitoa unapata 30, lakini mchongaji kaandika 31 kwa sababu anaihesabu na siku ya kuanzia. Asiyelijua hilo, akianza kupanga kalenda ya Shang, atakuwa anapishana na mchongaji kwa siku moja kila anapotoka maandishi haya kwenda mengine. Pili, mzunguko wa siku 60 hausemi mwaka. Unajirudia mara sita kwa mwaka, miaka nenda miaka rudi. Ndiyo maana wataalamu huyafuata kwa hamu maandishi machache yanayotaja kupatwa kwa mwezi: hayo ndiyo yanayoweza kulinganishwa na hesabu za falaki, na kwa msaada wake enzi ya Wu Ding ikawekwa katika karne ya 13 KK, ikiingia mwanzoni mwa karne ya 12. Tatu, "haikuwa heri" ni hukumu ya jumba la kifalme juu ya kuzaliwa binti. Haituambii lolote kuhusu afya ya mama, ingawa limewahi kusomwa hivyo.

Fu Hao huyohuyo kaburi lake lilifukuliwa Anyang mwaka 1976, likiwa halijaguswa na wezi. Ndani mlikuwa na vitu vya shaba nyeusi 468, vitu vya mawe ya thamani yaliyochongwa zaidi ya 750, na kauri za baharini zaidi ya 6,000. Mifupa ilikuwa imekwisha kusema kwamba aliongoza majeshi, na kaburini yakapatikana mashoka makubwa ya vita ya shaba nyeusi. Ni mara chache sana maandishi na kaburi yakakutana kwa mtu mmoja namna hii, na ndiyo sababu wanafunzi wa fani hii huanzia kwake. Hata hivyo vitabu vya Sima Qian havimtaji kabisa. Mwanamke aliyekuwa na jeshi na utajiri huo alisahaulika kwa miaka zaidi ya 3,000.

Upo upungufu mwingine wa mifupa ambao ni rahisi kuusahau pale inapotusisimua. Inatoka kwenye jumba la mfalme na inauliza yanayomhusu mfalme: mvua, mavuno, vita, jino linalouma, ni babu yupi apewe sadaka na ya ng'ombe wangapi. Masoko na vijiji havionekani, ila pale vinapomgusa mtawala. Tena kuna dalili nzuri kwamba Shang waliandika pia kwenye mianzi, kwa sababu miongoni mwa herufi za kwenye mifupa imo picha ya vibanzi vilivyofungwa kwa uzi. Mianzi hiyo imeoza. Tunasoma kilichochongwa kwenye kitu kigumu, tukadhani ndicho chote kilichoandikwa.

Vipande vyenye maandishi vilivyokusanywa hadi sasa ni takriban 150,000, na vingi ni vidogo. Ufukuaji wa kisayansi wa Yinxu ulianza 1928. Shimo moja lililofunguliwa 1936, linaloitwa YH127, lilitoa peke yake vipande zaidi ya 17,000. Kuunganisha vipande ni kazi halisi, na imekwisha kubadili historia. Mwaka 1917 mwanahistoria Wang Guowei aliunganisha vipande viwili vilivyokuwa kwenye makusanyo mawili tofauti. Vilipokaa pamoja vilitoa orodha ya mababu wa kifalme: Shang Jia, Bao Yi, Bao Bing, Bao Ding. Sima Qian alikuwa ameandika Bao Ding, Bao Yi, Bao Bing. Majina yote matatu yapo, mpangilio umekosewa. Mtu mmoja anaweza kusema Sima Qian alikosea. Mwingine atasema, kwa haki zaidi nadhani, kwamba ni ajabu kubwa majina hayo kudumu miaka 1,100 yakapoteza nafasi zao tu. Kutokana na kazi hiyo Wang alifundisha, mwaka 1925, mbinu ya ushahidi wa aina mbili: kilichopokewa kwenye vitabu kipimwe kwa kilichotoka ardhini.

Miaka hiyohiyo mwanahistoria mwingine, Gu Jiegang, alikuwa akivuta upande wa pili, upande wa shaka. Hoja yake ya 1923 ingali inafaa kufundishwa kila mahali: kadiri kitabu kilivyoandikwa baadaye, ndivyo historia yake inavyorudi nyuma zaidi. Maandishi ya awali ya Zhou yanamtaja Yu, shujaa wa gharika anayesemwa kuwa mwanzilishi wa Xia. Wakati wa Confucius wanaingia Yao na Shun kabla yake. Kwenye Enzi ya Dola Zinazopigana (karne ya 5 hadi ya 3 KK) anatokea Mfalme wa Manjano kabla ya hao. Baada ya nasaba ya Han anaongezwa Pangu, aliyeumba ulimwengu. Mfalme wa mwanzo kabisa ndiye wa mwisho kuandikwa. Anayetaka kujaribu mwenyewe achukue jina lolote la shujaa wa kale wa China, atafute andiko la kale kabisa linalomtaja, aandike pembeni lini liliandikwa. Safu itajipanga mbele ya macho yake.

Lakini shaka nayo ina mipaka yake, na chombo kimoja kinaionyesha vizuri. Mwaka 1976, huko Lintong katika jimbo la Shaanxi, kilipatikana chombo cha nafaka cha shaba nyeusi kilichoagizwa na ofisa aitwaye Li. Herufi zake ni zaidi kidogo ya 30. Zinasema mfalme Wu wa Zhou aliishambulia Shang asubuhi ya siku ya jiazi, na kwamba siku ya xinwei Li alipewa zawadi ya shaba. Jiazi ni ya kwanza kwenye mzunguko na xinwei ni ya nane, kwa hiyo zawadi ilitolewa siku saba baada ya vita. Vitabu vilivyopokewa navyo vilisema jiazi. Wapo waliokuwa wamevitilia shaka, na hapa kitu kilichotengenezwa na mtu wa wakati huohuo kinavitetea.

Mwaka je? Chombo hakisemi. Zimependekezwa tarehe zaidi ya 40 za vita hivyo, zikipishana kwa zaidi ya miaka 100. Mradi wa mwaka 2000 ulichagua 1046 KK. Wataalamu wengine wanashikilia 1045, na wengine miaka mingine. Sehemu ya ugomvi imo kwenye chombo hichohicho: neno sui, linalofuata siku ya jiazi, wengine wanalisoma kuwa sayari ya Mshtarii, na hapo mtu anaweza kupiga hesabu ya falaki; wengine wanalisoma kuwa mwaka au sadaka, na hesabu yote inaanguka. Tunaijua siku na tunajua ilikuwa asubuhi, lakini mwaka hatuujui. Gazeti likiandika "mwaka 1046 KK" bila neno "takriban", limekata kesi ambayo bado iko mahakamani.

Vyombo vya shaba nyeusi vina kasoro yake pia. Vilitengenezwa kwa ajili ya kuwaonyesha mababu na wajukuu heshima ya aliyeviagiza, na hakuna anayeagiza chombo cha kuadhimisha kushindwa kwake. Sinia iitwayo ya Qiang, iliyopatikana Zhuangbai, Shaanxi, mwaka 1976, ina herufi 284 na inawasifu wafalme wa Zhou mmoja baada ya mwingine. Mfalme Zhao inamsifu kwa kuitiisha nchi ya Chu kusini. Vitabu vinasema alifia kwenye safari hiyohiyo ya kusini na hakurudi. Maandishi ya zamani zaidi, yaliyo karibu zaidi na tukio, ndiyo yaliyonyamaza. Kwa hiyo ukongwe wa andiko peke yake haulifanyi kuwa la kweli zaidi.

Nirudi kwenye Xia, maana ndiyo inayochapishwa zaidi. Huko Erlitou, karibu na Luoyang, mji ulioanza kufukuliwa mwaka 1959 una ukubwa wa takriban hekta 300, una majumba, barabara na karakana za shaba nyeusi, na tarehe zake za kaboni zinaangukia kati ya takriban 1750 na 1530 KK. Wanaakiolojia wengi wa China wanauita mji wa Xia. Wengine, ndani na nje ya China, wanasubiri maandishi. Hakuna andiko lililopatikana Erlitou linalosema jina la mji wala la watu wake, na mifupa ya Shang, ambayo ingetegemewa kuwataja walioshindwa, haiitaji nasaba ya Xia. Mji upo na ulikuwa na nguvu. Jina lake ndilo linalotoka kwenye vitabu. Tazama pia tarehe: Erlitou inaanza miaka 300 baada ya 2070. Mwaka 2016 jarida la Science lilichapisha utafiti kuhusu gharika ya Mto Manjano ya takriban 1920 KK, na habari zikaenea kwamba gharika ya Yu imethibitishwa. Ushahidi ulikuwa wa bwawa lililozibwa na maporomoko ya ardhi na kupasuka kwake, nao ulipingwa mwaka uliofuata. Lakini hata ukikubaliwa wote, matope hayataji jina la mtu.

Kuhusu kaboni, mhariri anayepokea habari ya aina hii aulize maswali mawili. Kilipimwa nini? Mkaa wa kiini cha mti uliokuwa na umri wa miaka 200 ulipokatwa utatoa tarehe ya miaka 200 kabla ya moto uliouchoma. Mbegu ya mtama ilikua mwaka mmoja tu, kwa hiyo inaaminika zaidi. Na masafa ya miaka yaliyotolewa, yaani kuanzia lini hadi lini, ni ya uhakika wa asilimia ngapi? Masafa ya 68% ni mafupi na yanapendeza kwenye kichwa cha habari, ya 95% ni marefu na ndiyo ya kutumainiwa. Lipo pia tatizo ambalo hakuna maabara inayoweza kulikwepa. Kipimo ghafi hulinganishwa na jedwali lililojengwa kwa pete za ukuaji wa miti, na kati ya takriban 800 na 400 KK mstari wa jedwali hilo unalala kama tambarare: vitu vilivyopishana karne kadhaa vinatoa kipimo karibu kilekile. Confucius aliishi 551 hadi 479 KK, katikati ya tambarare hiyo. Kwa enzi yake, mtindo wa vyungu na vyombo mara nyingi husaidia kuliko kaboni.

Mwisho, vibanzi vya mianzi, ambavyo tangu miaka ya 1970 vimebadili fani hii kuliko kitu kingine. Mwaka 1975 huko Shuihudi, Hubei, kaburi la ofisa wa nasaba ya Qin lilitoa vibanzi zaidi ya 1,100 vyenye sheria jinsi zilivyotumika kazini, vipimo vya nafaka na adhabu ya kila kosa. Mwaka 1993 Guodian, katika jimbo hilohilo, ilitoa karibu 800 kutoka kaburi la mnamo 300 KK, yakiwemo mafungu matatu ya maneno ya mwanafalsafa Laozi, pungufu ya nusu ya kitabu tunachokijua. Nyuzi zilikuwa zimeoza na vibanzi vimetawanyika. Wanavipangaje? Wanapima urefu: fungu la kwanza la Laozi lina vibanzi vya sentimita 32.3, la pili 30.6, la tatu 26.5. Wanatazama ncha, nafasi za nyuzi na mwandiko. Siku hizi wanageuza pia mgongo, kwa sababu iligunduliwa kwamba mafungu mengi yalichorwa mstari wa mshazari nyuma, na mstari ukiungana vibanzi vimekaa sawa. Baada ya hapo kunakili hufanywa mara mbili: kwanza herufi kama zilivyo, kiungo kwa kiungo, kisha maneno ambayo mhariri anaamini yanakusudiwa, kwani waandishi wa wakati huo waliazima herufi kwa sauti. Kosa kubwa ni kuruka hatua ya kwanza na kuzisoma herufi moja kwa moja kwa maneno ya kitabu kinachojulikana. Ukifanya hivyo kibanzi hakiwezi kukufundisha neno jipya.

Lakini makusanyo kadhaa makubwa hayakufukuliwa na mwanaakiolojia. Jumba la Makumbusho la Shanghai lilinunua vibanzi takriban 1,200 Hong Kong mwaka 1994, na Chuo Kikuu cha Tsinghua kilipokea karibu 2,500 mwaka 2008. Kaburi lake halijulikani, wala vilivyolala navyo. Kipimo cha kaboni kinaonyesha umri wa mwanzi, si wa wino, na vibanzi vitupu vya kale vinaweza kuandikwa leo. Kinachotuliza zaidi ni pale herufi isiyojulikana na yeyote wakati wa ununuzi inapokuja kutokea kwenye kaburi lililofukuliwa kihalali miaka ya baadaye. Wapo wasomi wanaokataa kuvitumia kabisa, kwa kuwa kila andiko la kitaaluma linapandisha bei ya kibanzi kijacho na kumlipa mwizi wa kaburi. Mimi naona visomwe, lakini asili yake itajwe kwenye sentensi ya kwanza.

Na ombi moja la tahajia. Nasaba ya Zhou na Zhou, mfalme wa mwisho wa Shang aliyeangushwa na nasaba hiyo, huandikwa sawa kwa herufi za Kilatini, ingawa kwa Kichina ni herufi na toni tofauti. Vivyo hivyo Huangdi, Mfalme wa Manjano, na huangdi, cheo alichojipa mtawala wa Qin mwaka 221 KK; hapa toni ni zilezile, herufi ya kwanza tu ndiyo tofauti. Yin na Shang ni nasaba moja. Maelezo ya maneno manne kwenye mabano yatamwokoa msomaji asidhani mfalme alijipindua mwenyewe.

Wako,
Msomaji wa siku nyingi